Mwaka Tuliogombania Aproni

Msibani Tindiga walimsifu Sikujua mpaka nikaanza kuona haya kwa niaba yake. Mmoja alisema hakuwahi kumsikia akipaza sauti. Mwingine, jirani yake wa miaka mingi tuliyekaa naye mkeka mmoja, akasema marehemu alikuwa hawezi hata kumtupia kuku jiwe; akimkuta kwenye mpunga ulioanikwa, alimfukuza kwa maneno mazuri. Nilikuwa nimetoka Kilosa mjini asubuhi ile, baada ya Mwajabu, binti yake, kunipigia simu akashindwa kumaliza alichotaka kusema, na nilikuwa nimelia njia nzima nyuma ya pikipiki. Lakini niliposikia hilo la kuku, kicheko kikanipanda. Nikajifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika, wenzangu wakadhani kilio kimenizidi, wakaniletea maji na kunipepea. Sikumsahihisha mtu. Msibani si mahali pa kubishana, na pengine kwa watu wa Tindiga alikuwa hivyo kweli. Mimi niliishi naye chumba kimoja Mikumi mwaka mzima, tukiwa wasichana bado ingawa yeye alikwisha kuolewa na kuachika, na najua mikono ile iliweza kufanya nini. Simsemi vibaya. Katika yote niliyompendea Sikujua, la Mikumi ndilo la kwanza, ingawa siku ile ile nilimlaani yeye na kizazi chake.

Ilikuwa enzi za simu za tochi. Tulifanya kazi kwenye hoteli moja ya chakula kando ya barabara kuu, ambapo mabasi ya Iringa, Mbeya na Songea yalisimama abiria wakala mbiombio huku honi ikiwaita. Sisi tulikuwa vibarua: kuosha vyombo, kufuta meza, kubeba sinia za wali, kumenya viazi. Hatukuwa na mkataba, tulikuwa na zamu. Zamu ilikuwa siku moja ya kazi, toka alfajiri mpaka basi la mwisho. Ukiipata ulilipwa jioni, ulikula chakula cha jikoni na uliruhusiwa kubeba makombo nyumbani. Usipoipata, siku hiyo ulikuwa mtu wa kukaa kitandani ukisikiliza malori yanavyopanda gia. Mwanzoni zamu zilitosha kila mtu. Kisha ikafunguliwa hoteli nyingine mbele kidogo, yenye vyoo vya vigae, na madereva wa mabasi wakaahidiwa paja zima la kuku na soda ya bure. Basi husimama anapokula dereva. Tukawa tunayaona yanapunguza mwendo kwenye matuta mbele yetu, tunasimama na masinia, halafu yanashika mwendo na kutuacha. Mimi niliyezoea kufanya kazi siku zote isipokuwa Jumapili nikawa napata siku moja kwa wiki, na kuna wiki hata hiyo sikuipata.

Aliyegawa zamu alikuwa Deo. Tulimwita Kaka Deo. Alikuwa msimamizi na mshika pesa kwa pamoja, maana mwenye hoteli aliishi Morogoro na alionekana kwa nadra. Sitaki kusema alizaliwa mbaya. Zamu zilipopungua watu walianza kumfuata nyumbani kwake asubuhi na mapema, huyu na jogoo, yule na mchele wa kijijini kwao, mwingine na maneno ya kumchongea mwenzake kwamba anaiba nyama au ana kikohozi kibaya. Alichoka. Siku moja alitoka mlango wa nyuma wa jikoni akiwa na aproni za siku ile mkononi, zile za bluu, akatutazama tulivyojaa uani. Akasema yeye hagawi tena zamu, asije akaambiwa anapendelea. Atazirusha hizo aproni. Atakayeshika ndiye mwenye kazi, na atakayekosa asimlaumu yeye, ailaumu mikono yake mwenyewe. Akazirusha juu.

Siku ya kwanza tulicheka, tukarukaruka, aliyekosa akatania kwamba kesho atakuja na ngazi. Siku iliyofuata hakuna aliyecheka. Wiki haikuisha, tukawa tunakuja tumevua hereni na kufunga nywele kwa vitambaa, kwa sababu dada mmoja alichanwa sikio mpaka chini na hereni ikabaki kwenye vidole vya mwenzake. Mtu alikung'ata. Mtu alikuingizia dole gumba jichoni. Ukiishika aproni ulilazimika kuilalia kifudifudi na kuvumilia mateke mpaka Deo aseme imetosha. Alikuwepo Veronika, binti wa milimani, mwimbaji wa kwaya, mrefu, mwenye mabega ya kubebea magunia. Alinipiga kiwiko cha mdomo nikatema jino, na jioni yake akapita chumbani kwetu kuniuliza kama nimesukutua kwa maji ya chumvi. Nikamshukuru kwa kunijulia hali. Kesho yake nilimvunja kidole. Hatukuwa tunachukiana, na hilo ndilo watu wanashindwa kunielewa nikiwasimulia. Ilikuwa tukitoka pale uani tunasalimiana, tunaazimana chumvi, tunasukana nywele zile zile tulizovutana asubuhi.

Malori yaliyolala Mikumi yalikuwa na utingo wengi wasio na la kufanya alfajiri, na habari zilipowafikia wakaanza kuja kukaa juu ya ukuta wa uani kututazama. Walichaguana wapiganaji, wakawekeana soda. Nilimsikia mmoja akisema yeye yupo na yule mfupi mwenye kitenge cha kijani, na ilinichukua muda kuelewa kwamba mfupi huyo ni mimi. Nilipendwa sana na utingo. Deo alipoona wanakunywa chai na kula maandazi huku wakisubiri, akaanza kuchelewa kutoka makusudi, kisha akawa anarusha aproni moja moja ili shughuli idumu. Siku hizi nina banda langu la chakula Kilosa, karibu na stesheni, na wasichana wanaonisaidia. Biashara ikilegea nawaambia wote kwa pamoja, tunakubaliana nani aje lini, na bado moyo hunidunda nikiwaona wamesimama mbele yangu wakingoja nitamke. Mmoja wao aliwahi kuniuliza kwa nini hatukumshtaki Deo. Tungemshtaki kwa kosa gani? Deo hakumgusa mtu. Tuliopigana ni sisi, na nikilikumbuka hilo hasira zinanipanda upya, natamani nimkute mahali nimzabe kofi.

Chumba chetu kilikuwa cha matofali yasiyopigwa lipu, kitanda kimoja, jiko la mkaa mlangoni, na pazia lililokuwa shuka zamani. Tulilala watatu, mimi, Sikujua, na Mwajabu katikati, ambaye wakati huo alikuwa ndiyo kwanza anajua kuvaa kandambili mguu wa kulia kulia. Chakula chetu kilijulikana kwa matokeo ya asubuhi. Nikiwa na zamu tulikula wali wenye alama za vijiko vya watu na minofu iliyobaki kwenye mifupa, na Mwajabu alikuwa hodari wa kufyonza mfupa mpaka unang'aa. Bila zamu tulikula ugali kwa mlenda, na siku mbaya zaidi ulikuwa uji, mtoto akala wa kwake na wa mama yake, na mama yake akasema ameshiba kwa harufu. Sikujua alikuwa mdogo wa mwili na mwoga wa ugomvi. Aliingia kwenye lile rundo, akasukumwa, akatoka. Tangu mchezo ule uanze alikuwa amepata zamu mara chache sana, na hizo alizipata kwa sababu aproni ilimwangukia.

Mambo yalikuwa hivyo, ndipo Shabani akaja. Shabani alikuwa mwanaume aliyemwacha Sikujua, mkulima wa mpunga wa Tindiga. Hakuwa mlevi wala mkorofi, na ndiyo maana aliogopesha, kwa sababu alichokisema alikifanya. Walikaa nje kwenye benchi, mimi nikiwa ndani namchana Mwajabu nywele, na ukuta ule haukuficha kitu. Alisema amesikia kwamba mama wa mtoto anashinda kitandani siku nne tano za wiki na mtoto anakula uji mtupu. Alisema mama yake mzazi ameshaandaa mahali pa mtoto kulala. Sikujua alimjibu kwa sauti ndogo kwamba anafanya kazi hotelini. Shabani akafikiri kidogo. Kisha akasema kwamba yeye si mtu wa kumwonea mtu, na hili atalisema hata mbele ya shehe wao: Ijumaa ya wiki ijayo atakuja asubuhi, mara moja tu, hana muda wa kufuatana na mwanamke. Akimkuta kazini kwa macho yake, mtoto atabaki na hatalizungumza tena. Akimkuta nyumbani, anaondoka naye siku hiyo hiyo. Sikujua aliingia ndani, akachukua kitana mkononi mwangu, akaendelea kumchana mtoto palepale nilipoishia. Sikuona machozi. Alimchana kwa nguvu hata Mwajabu akalalamika kwamba anaumizwa.

Wiki ile nilimfundisha kupigana. Tulisogeza jiko, tukafunga mlango, nikamwekea aproni ya kubuni, lile pazia letu, nikamwambia aje alichukue. Nilimwonyesha jinsi ya kuingia chini, kwa sababu wanawake wengi hutazama juu. Jinsi ya kung'ata mkono upande wa nyuma. Jinsi ya kumpiga mtu kwa goti. Alinipiga kama mtu anayekung'uta mkeka wa mgeni. Nilimzaba kibao ili apate hasira, akaniomba radhi. Nilimzaba cha pili, Mwajabu akaja kunipiga ngumi za tumboni, na zile ndizo ngumi pekee za maana nilizopata katika mafunzo yale. Mwishowe nikachoka, nikamwambia basi, Ijumaa nitaishika mimi na nitampa yeye. Zamu yangu nitajua mwenyewe nitaipata lini. Alinishika mikono yote miwili. Nilikuwa sijapata zamu tangu wiki iliyopita, ufizi umevimba, na nilijiona mtu mkubwa sana kwa ahadi ile.

Ijumaa tulimpeleka Mwajabu kwa Mama Chausiku, mpishi, ambaye ndiye pekee mwenye kazi ya kudumu pale. Alimkalisha jikoni kwenye gunia la viazi akampa andazi la moto. Karai lake la maandazi lilikuwa limeshapata moto, hapo kwenye mafiga mlangoni mwa uani. Utingo walikuwa wamejaa ukutani. Deo akatoka akiwa na aproni chache kuliko siku nyingine zote, akasema mabasi ni mawili tu. Aliporusha ya kwanza Veronika akaidaka. Ya pili ikaenda. Ya tatu, sikumbuki jinsi nilivyoipata, nakumbuka tu kitambaa kiganjani na uzito wa watu mgongoni. Niliilalia. Mtu alinikanyaga shingo, mwingine alikuwa ananikunjua vidole kimoja kimoja, na nilikuwa naita jina la Sikujua ili aje achukue, lakini mdomo wangu ulikuwa ardhini na nilichokuwa nakula ni mchanga. Juu yangu mtu alisema ninaye, ninaye, mvute mguu. Nikajua nitaiachia.

Ndipo likaja lile joto. Sikulijua ni nini. Nilisikia kwanza mlio, kama kitunguu kikiingia kwenye karai, halafu nikauona mkono wangu wa kushoto, na baada ya hapo nikasikia sauti ambayo ilikuwa yangu. Rundo lilipasuka. Dada mmoja alikuwa anarukaruka ameshika paja, mwingine anajimwagia maji ya vyombo. Sikujua alisimama katikati yetu ameshika upawa mrefu wa Mama Chausiku, mafuta yakidondoka. Alikuwa ameyachota na kuyamwaga juu ya watu, na miongoni mwa watu hao nilikuwamo mimi, niliyeilalia aproni kwa ajili yake. Hakunitazama. Aliinama, akaiokota kandokando ya mkono wangu uliokuwa unavimba, akaikung'uta mchanga, akaivaa, akafunga kamba nyuma kwa mafundo mawili. Nilimlaani kwa sauti yote niliyobakiwa nayo, na nilimaanisha kila neno.

Deo alishuka ngazi za jikoni mbio, akamzaba Sikujua kofi lililomwangusha, akamkalia, akaanza kumvua aproni huku akimwita mwendawazimu. Sijui kwa nini ni kofi lile lililotuamsha. Tulikuwa tumeumizana miezi, tumetoana meno na damu mbele ya yule yule Deo, na hakuna aliyemnyooshea kidole. Labda ni kwa sababu siku hiyo kwa mara ya kwanza aliingia uani kwetu na kugusa mtu. Veronika alikuwa wa kwanza. Alichukua mwiko wa ugali, ule mkubwa kama kasia, akampiga nao ubavuni, na nikasikia pumzi inamtoka. Yule mwenye paja lililoungua akamrukia usoni kwa kucha. Mimi nilikuwa na mkono mmoja, nikatumia meno. Nililipata sikio na sikuliachia mpaka nikaonja chumvi. Tulimpiga kwa vifuniko, kwa kandambili, kwa kuni. Alilia akimwita mama yake. Tungemuua, nalisema waziwazi, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa anahesabu mapigo. Aliyetuzuia ni Mama Chausiku, aliyekuja na ndoo ya maji ya baridi akatumwagia wote, kisha akatuambia tumwingize stoo. Tukamburuta, tukamlaza kati ya magunia ya vitunguu, akafunga kufuli na ufunguo akautia kifuani. Utingo walikuwa wamekwisha kushuka ukutani na kurudi kwenye malori yao.

Hatukuwa tumekauka, Shabani akaingia kwa mlango wa mbele, kanzu nyeupe ya Ijumaa, kofia mkononi. Alimsalimia Mama Chausiku shikamoo kwa adabu, akaitikiwa marahaba. Akamtazama Sikujua, aproni ikiwa kifuani, mdomo umepasuka, maji yanamtiririka.

"Nilikuja kuona kama una kazi," alisema.

"Unaona ninayo," Sikujua akajibu. "Kaa, nikuletee chai."

Shabani akakaa. Nilidhani atakunywa na kuondoka, lakini aliivuta meza ya pembeni, akaweka kofia juu yake, akasema gari lake la kurudi ni la alasiri na atasali msikiti wa hapo jirani kisha arudi. Alitaka kuona siku nzima. Tulitazamana kule jikoni. Hoteli haikuwa na msimamizi wala zamu. Kulikuwa na mwanamke mmoja ndani ya aproni moja, na mabasi mawili njiani. Veronika ndiye aliyekata shauri. Alivaa ya kwake, akachukua sinia, akasema tusimame hivyo hivyo mpaka mwanaume wa watu ajue? Wakaingia wote, walioshika na waliokosa, wenye aproni na wasio nazo. Wakafuta damu ngazini. Wakamenya viazi vya watu ambao hawakuwepo. Sikujua akawa anahudumia meza, na kila alipopita mtu alimwita kwa sauti, Sikujua lete maji, Sikujua kuna wageni, Sikujua bosi anasema umefanya vizuri. Mama Chausiku aliniweka mkono kwenye beseni la maji, akanifungia kitambaa kibichi, akanikalisha karibu na stoo nimchunge Deo, na Mwajabu mapajani. Deo alipoanza kugonga mlango Veronika alianzisha wimbo wa kwaya yake, na wanawake wa Kiislamu na wa Kikristo wakauitikia kwa sauti kubwa, wengine bila kujua maneno. Shabani akauliza ni nini kinachogonga. Mama Chausiku akamwambia ni fundi, anapigilia misumari.

Niliwatazama siku nzima kutokea pale sakafuni, mkono ukiniwaka mpaka begani. Sikuwahi kuona kazi ikifanywa hivyo. Hakuna aliyelipwa, na kila mmoja alijua kwamba kesho hakuna zamu. Mchana Sikujua alikuja na ute wa yai kwenye bakuli, akapiga magoti, akaanza kunipaka kwa ncha ya kidole. Nilimwambia asiniguse. Akaendelea kunipaka. Nikamwambia alijua kuwa ni mimi pale chini. Akasema alijua, aliona kitenge. Alipomaliza akaenda kufuta meza ya Shabani. Nilimchukia kwa muda mrefu baada ya hapo, na nililala naye kitanda kimoja huku nikimchukia, na sijui ni lini hasa ile chuki ilikwisha.

Alasiri Shabani alikula wali kwa kuku, akanawa, akasimama. Alimchukua Mwajabu kutoka mapajani mwangu, nikaona Sikujua anashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Akamnyanyua mtoto juu, akambusu kwenye paji la uso, akamwambia asimsumbue mama yake maana ana kazi nyingi. Akamrudisha mapajani kwangu. Tulisimama wote mlangoni mpaka lile gari la Kilosa lilipokata kona. Hapo wengine walikaa chini palepale walipokuwa.

Sikujua aliomba ufunguo, akaenda kufungua stoo yeye mwenyewe. Deo alitoka akijishikilia ukuta, jicho moja limefumba, shati limeganda damu, akinuka vitunguu. Akatutazama mmoja mmoja. Akasema kuanzia kesho hakuna hata mmoja wetu atakayepata zamu pale milele, na asimwone mtu uani. Sikujua akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili, akaikunja aproni vizuri akampa.

"Asante, Kaka Deo," alimwambia. "Mimi nilikuwa naitaka ya leo tu."